DVD za harusi: H.264, H.265 au niziache kama zilivyo?

Mpwa wa Shela
Asalaam aleikum. Nina DVD tatu za harusi ya dada, 2009, kila moja karibu GB 4.3. Ya pili imeanza kukwama pale kirumbizi, ngoma ya fimbo, kinapopamba moto. Nataka zote ziingie kwenye flashi ya GB 8, shangazi aliye Mombasa atazame kwenye tivi yake. Nibane kwa njia ipi ya kupunguza ukubwa wa video, H.264 au H.265?

Fundi Langoni
Waaleikum salaam. Kwanza nakili VIDEO_TS nzima, folda yenye video ya DVD, kwenye kompyuta, leo hii. Hiyo ya pili ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Kubana baadaye.

Mimi H.264 kwa programu ya HandBrake, RF 20 (kipimo cha ubora: namba ikishuka, ubora na ukubwa hupanda). DVD imebanwa kwa MPEG-2, njia ya miaka ya 90, inakula nafasi bure. Harusi niliyobana juzi ilitoka GB 4.2 ikawa 1.3, na mama mwenye shughuli hakuona tofauti.

Bint Mkomani
H.265 hushuka zaidi kwa ubora uleule, ila laptopu yangu kuukuu ilikesha nayo mpaka adhana ya alfajiri. Kufika kwa wenyewe, tivi ikasema faili halitambuliki. Nilirudi na aibu yangu.

Nahodha
Mie Xvid, njia nyingine ya kubana. Deki yangu yenye tundu la USB haijui kingine.

Fundi Langoni
Kwa deki hiyo sawa, Nahodha. Lakini hebu tazama leso za kina mama kwenye Xvid: maua yote uji.

Mpwa wa Shela
Nimejaribu RF 20, dakika tano. Sura safi, lakini fimbo za kirumbizi zinaota meno kama kichana kila zikipishana.

Fundi Langoni
Hiyo si kubana, ni interlesi. Kila fremu imefumwa kwa nusu mbili, mistari ya shufwa na ya witiri, zilizopigwa kwa nyakati tofauti. Tivi za zamani zilionyesha moja baada ya nyingine. Kompyuta inazibandika pamoja. Washa Yadif, kichujio cha HandBrake cha kuondoa interlesi, chagua Bob, inayoipa kila nusu fremu yake: utapata fremu 50 kwa sekunde na fimbo zitateleza. Faili litanenepa kidogo. Na usiikuze iwe HD! Ni 720 kwa 576, ukiitanua utakuwa unabana hewa.

Bint Mkomani
Penye giza RF 20 ilinitia vigae, yaani vipande vya mraba, ukutani. Nilishuka hadi 18 kwa diski ya usiku tu. Sauti niliibana kwa AAC, kbps 160. Chini sana, vigelegele vinakwaruza.

Halafu kaka, ile ya kupamba, ya wanawake, usiichanganye na za wanaume kwenye flashi moja.

Mpwa wa Shela
Astaghfirullah, sikuwaza hilo. Diski ya tatu itapata flashi yake, mama ataipeleka kwa mkono wake. Ya pili imenakilika, imebaki kukwama kidogo mahali pamoja, fimbo ikiwa hewani.