Naomba ushauri: pawa saplai inasoma volti pungufu baada ya OUTP ON (amri ya kuwasha umeme unaotoka)

Hamjambo mafundi. Hapa karakana ya Mombasa tunapima redio za VHF za boti kwa pawa saplai inayoongozwa na kompyuta, amri za SCPI (lugha sanifu ya kuongoza vyombo vya vipimo) kupitia RS-232 (mlango wa mawasiliano wa waya): kasi 9600, biti 8, bila pariti (biti ya kukagua makosa). Waya ni ule wa kukingamanisha pini 2 na 3. Wa moja kwa moja haujibu kitu.

Mfuatano wetu: SYST:REM (kuongozwa na kompyuta), *CLS (kufuta makosa ya zamani), VOLT 13.8, CURR 6 (kikomo cha ampea), VOLT:PROT 15 (kinga ya volti kuzidi), kisha OUTP ON. MEAS:VOLT? (swali la kupima volti) ikitumwa papo hapo hurudisha volti 9 au 10. Tukingoja milisekunde 300, inasoma 13.8 sawasawa. Nadhani kapasita za redio bado zinajaa, na wakati huo saplai imebanwa na kikomo cha ampea. *OPC? (swali la kama amri imekamilika) haikusaidia: inajibu 1 amri ikishatekelezwa, haingoji volti itulie.

Kosa la -410 (swali limekatizwa), ambalo saplai ilikuwa ikitoa, tumelimaliza. Lilitokea kwa sababu swali la pili lilitumwa kabla jibu la kwanza halijasomwa lote.

Sasa, wenzangu, sipendi kungoja kwa kukisia, maana redio nyingine ina kapasita kubwa zaidi. Mnasoma STAT:QUES:COND? (swali la hali ya saplai kwa sasa) mpaka saplai itoke kwenye kikomo cha ampea, au mnarudia kupima hadi vipimo vitatu vifanane? Na redio ikirusha kwa ampea 5 kwenye nyaya za mita 2, waya za kuhisi (zile saplai inazotumia kupima volti ili iirekebishe) mnazifunga kwenye saplai yenyewe au kwenye plagi ya redio?