Mada: Mbwa anaenda "kwa mizigo", Amsterdam hadi Tukuyu

Kutoka: Mama wa Utrecht

Kamwene wa Iringa, ndaga wa Rungwe, na wengine wote salaam.

Mzee wangu amestaafu, tunarudi Tukuyu mvua hazijaanza. Vyombo vinaenda kwa kontena, hilo tumeshamalizana nalo. Kilichobaki ni mbwa, labrador wa kilo 30, ambaye watoto wamegoma tusimwache. Nilidhani nitamkatia tiketi pamoja nasi, lakini shirika limesema kwa ukubwa wake lazima aende kwa mizigo. Kwa mizigo vipi, kama gunia la viazi? Aliyewahi anisaidie.

Kutoka: Kijana wa Makambako, Hoofddorp

Shikamoo dada. Mimi niko ghala la mizigo hapa Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, acha nikueleze kinachotokea ukishamkabidhi, maana hapo ndipo wengi hukosa usingizi.

Kwenda kwa mizigo si kudharauliwa. Mbwa anakatiwa hati yake ya mzigo wa ndege, AWB, yenye namba 11. Tatu za mwanzo ni za shirika: 074 ni KLM, 071 ni Ethiopian. Kwa namba hiyo utamfuatilia kwenye simu hatua kwa hatua. Kwenye makaratasi anaandikwa AVI, alama ya wanyama hai kokote duniani, na alama hiyo ndiyo inayompangia mahali pa kukaa. Hatumweki karibu na barafu kavu, kwa sababu inatoa kaboni dayoksaidi ambayo inaweza kumkosesha pumzi. Hatumweki jirani na jeneza; HUM, yaani alama ya maiti, na AVI hazikai pamoja. (Ndiyo, ndugu zetu tunaowarudisha nyumbani kuzikwa wanapita mlango huohuo.) Maua na samaki wana chumba chao cha baridi, yeye ana chake. Anapakiwa mwishoni, na rubani anapewa karatasi inayosema kuna mnyama chini, ili joto liangaliwe. Presha ya hewa huko ni ileile mnayovuta nyie mliokaa juu. Kinachomsumbua zaidi ni kelele na upweke.

Sasa kreti, yaani sanduku la kumsafirishia. Watu hununua kwa macho, halafu mbwa anarudishwa kaunta. Chukua futi. Urefu wa kreti ni kutoka pua hadi shina la mkia, ukiongeza nusu ya kimo kutoka sakafuni hadi kiwiko cha mguu wa mbele. Upana ni mabega mara mbili. Kimo ni mbwa akiwa amesimama, masikio yasiguse dari, na uhesabie godoro. Ifungwe kwa nati na bolti za chuma, iwe na matundu pande zote nne, na chombo cha maji kinachojazwa kutoka nje bila kufungua mlango. Kama ina magurudumu, yang'oe. Hizo ni kanuni za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, na wapokeaji wanazijua kwa moyo.

Ujue pia kwamba hulipii mbwa, unalipia nafasi. Urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 6,000. Kreti ya 100 kwa 70 kwa 75 inatoa kilo 87.5, na ndizo utakazolipia hata mbwa wako angekuwa mwembamba kama wa kijiweni.

Usimpe dawa ya usingizi. Inashusha presha ya damu na kumlegeza, na mbwa aliyelegea hawezi kujishikilia ndege ikiyumba. Mzoeshe kreti nyumbani wiki kadhaa, alale humo na nguo yako iliyovaliwa. Hiyo ndiyo dawa.

Kutoka: Dada wa Mafinga, Brussels

Mwenzangu amemaliza upande wa ndege, mimi naongeza makaratasi. Kibali cha kumwingiza kinatoka Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Kiombeni mkiwa bado huko, msisubiri kufika. Cheti cha afya anaandika daktari wenu, kisha NVWA, mamlaka ya ukaguzi ya Uholanzi, wanagonga muhuri. Chipu ya utambulisho, ile ya chini ya ngozi, iwekwe kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa, si baada.

Na jambo ambalo hakuna anayelifikiria siku ya kuondoka: mkitaka kumrudisha Ulaya baadaye. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zilizolegezewa masharti, kwa hiyo atahitaji kipimo cha damu cha kuonyesha kinga ya kichaa, kisipungue 0.5 IU kwa mililita. Mkimpima hukohuko Uholanzi, angalau siku 30 baada ya chanjo, na daktari akaandika kwenye pasipoti yake, mtarudi naye bila kungoja. Mkisubiri kumpimia nyumbani, mnahesabu miezi mitatu tangu damu ilipotolewa ndipo aingie. Na chanjo isikatike hata siku moja, la sivyo kipimo kinakufa. Watoto wako wanasoma huku, dada. Mpime tu.

Kutoka: Mjomba wa Uyole, Mbeya

Wanangu, mnaongelea ndege kana kwamba ikitua Dar safari imekwisha. Ndege nyingi za Ulaya hutua usiku. Mbwa haji kwenye mkanda wa mabegi, anapelekwa ghala la mizigo, na hatoki bila wakala wa forodha na daktari wa mifugo kumkagua. Mtafuteni wakala mapema, na chagueni ndege ya katikati ya juma. Ya Ijumaa mtaijutia.

Halafu kuna zaidi ya kilomita 800 za barabara. Basi hawatampokea, kodini gari. Ondokeni Dar alfajiri kabla ya jua. Mikumi barabara inakatiza ndani ya hifadhi. Msimshushe kujisaidia, kuna mbung'o, achilia mbali simba. Laleni Iringa. Kupe ndio adui mkubwa wa mbwa wa Ulaya, dawa yao aanze kabla hajapanda ndege. Akishavuka Kitonga atadhani amerudi kwao, baridi ipo ya kutosha.

Kutoka: Mama wa Utrecht

Ndaga fijo nyote. Mjomba, shikamoo. Tumehamishia safari Jumanne, na damu inatolewa wiki ijayo. Ila mwanangu wa kwanza, anayebaki huku, anauliza: akija likizo, anaruhusiwa kurudi na parachichi zetu kwenye begi?

Kutoka: Kijana wa Makambako, Hoofddorp

Parachichi hapana, mpaka liwe na cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea ya Tanzania, hata kama ni moja. Matunda yasiyodaiwa cheti ni nanasi, nazi, durian, tende na ndizi. Mwambie ajaze ndizi.