Krosibo ya shabaha: ya mikono mitupu au yenye roda?

Baba Neema (Kitchener, Kanada)
Habari zenu wakuu. Natafuta krosibo (upinde wa kulala wenye kitako kama bunduki) ya kulenga shabaha tu, kuwinda simo. Nimebaki na mbili. Moja ni ya mikono mitupu, yaani upote (kamba ya upinde) umefungwa moja kwa moja kwenye ncha za mikono, yale mabawa mawili ya upinde; nyingine ina roda na kebo. Zote uzito wa kuvuta ni ratili 150. Nitapiga mita 20 hadi 30, na fundi wa pinde sina karibu. Mngechukua ipi?

Mwana wa Lamu
Ya mikono mitupu. Umeshasema huna fundi, basi jibu limo humo. Upote ukichakaa unaubadilisha mwenyewe nyumbani kwa kamba ya msaada. Yenye roda mpaka ibanwe kwenye mashine maalumu ndipo uguse upote au kebo. Tena Excalibur, watengenezaji wa krosibo waliojijengea jina kwa aina hiyo, ni wa hapo hapo Kitchener.

Kapi
Kaka, roda nazo usizidharau. Kwa ratili zile zile, roda hushikilia uzito kwa sehemu kubwa zaidi ya mvuto, kwa hiyo nguvu nyingi huhifadhiwa na mshale hutoka kasi zaidi. Halafu ni nyembamba, haikwaruzi kuta za banda la shabaha. Ila kwa mita 20 nakubali, kasi hiyo hataihitaji.

Bi Shufaa
Jamani, mnabishania kasi na mwenzetu hajaambiwa jinsi ya kuivuta! Baba Neema, zote mbili zinatumika hivi. Mguu ndani ya kikuku, kile cha mbele cha kukanyagia, ukanyage barabara. Tumia kamba ya kuvutia yenye kulabu mbili: ratili 150 ni kama kilo 68, nayo kamba inakupunguzia karibu nusu. Vuta pande zote sawa, maana upote ukikaa upande, mshale nao utakwenda upande. Ukisikia upote umenasa, hakikisha kizuizi cha usalama kimefunga.

Mshale uweke unyoya wa rangi tofauti ndani ya mfereji wa reli, pale mshale unapolala, usukume nyuma hadi uguse upote. Ukiacha pengo, ni karibu sawa na kufyatua bila mshale, na mikono ya upinde inaweza kupasuka usoni pako. Mkia wa mshale uwe ule aliouagiza mtengenezaji, bapa au wa nusu mwezi. Na dole gumba likae chini ya reli, DAIMA. Upote haujui kidole.

Baba Neema
Shukrani sana Bi Shufaa. Na nikishaivuta halafu nikaghairi kupiga?

Bi Shufaa
Toa mshale wa shabaha, weka wa zamani usio na makali, upige kwenye shabaha laini. Usifyatue tupu hata mara moja.

Mwana wa Lamu
Kwa sheria ya Kanada, yenye urefu wa milimita 500 au pungufu, au inayopigika kwa mkono mmoja, ni marufuku. Ipime kabla ya kulipa. Na nunua nta pamoja nayo: paka nyuzi za upote zilizo wazi, sehemu iliyozungushiwa uzi katikati iache, hiyo ina mafuta yake ya reli.

Baba Neema
Basi nachukua ya mikono mitupu. Jumamosi naenda na futi kamba.