Re: Gari linagonga, ukaguzi wamenirudisha (fomu ya marudio?)

Mama Mapacha:

Habarini wote. Jana nilipeleka gari ukaguzi wa mwaka. Breki zimepita, taa zimepita, moshi umepita. Mwishoni mkaguzi akaniambia nipige resi, akainama, akasikiliza, akaandika kwenye karatasi: kelele isiyo ya kawaida, injini. Nina siku 14 za kurudi. Swali langu ni moja tu: ile fomu ya marudio, inagongwa muhuri na gereji kwanza, au unarudi nayo tupu wakague upya? Dirishani nimeuliza watu wawili, nikapata majibu mawili. Gari ni la 2003, petroli, silenda 4, kilomita 241,000. Linagonga kweli, sikatai. Lakini linatembea.

Fundi Mstaafu:

Mwanangu, kugonga ni kama kukohoa, bado hujaniambia kifua kina nini. Linagonga wapi, na saa ngapi? Tik-tik nyepesi ya juu, chini ya kifuniko cha vali, ni tapeti, vile vidude vinavyosukuma vali. Utaitambua kwa kuwa huenda nusu ya mwendo wa injini, maana kamshafti, inayofungua vali, huzunguka mara moja wakati krankshafti, inayozungushwa na pistoni, imezunguka mara mbili. Kama ni mlio mzito wa chini, upande wa sampu, lile bakuli la oili, unaokimbia pamoja na resi na kusikika zaidi unapoachia mafuta, hapo naogopa beringi za konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krankshafti. Likigonga asubuhi na kunyamaza likishapata joto, pistoni imelegea ndani ya silenda. Hiyo watu wanaishi nayo miaka.

Lakini kabla ya yote hayo, chomoa kijiti cha oili ukitazame. Usicheke. Wengi hawakitazami.

Zamu ya Usiku:

Shikamoo Mzee. Mama Mapacha, usikubali haraka. Mimi gereji moja iliniambia injini imenoki, yaani inagonga ndani, nitafute nyingine. Nilikaa wiki mbili naenda kazini kwa basi. Kumbe ni lile bati la kukinga joto juu ya bomba la moshi, boliti moja imelegea, bati linacheza. Nimelifunga kwa waya, halijalia tena mpaka leo.

Shemeji wa Wote:

Mwaga oili iliyomo, weka nzito, 20W-50. Kelele inaisha. Mimi nilipita ukaguzi hivyo hivyo.

Fundi Mstaafu:

> weka nzito, 20W-50

Marahaba, Zamu. Shemeji, ushauri huu umeua injini nyingi kuliko ajali. Injini nyingi za umri ule zimeundwa kwa 5W-30 au inayokaribiana nayo. Asubuhi ya baridi oili nzito inachelewa kufika juu, vali zinasuguana kavu. Beringi iliyokwisha haioti tena kwa sababu umeipaka uji.

Shemeji wa Wote:

Mzee, nimesema ilipita ukaguzi. Sikusema ilipona.

Msomaji Kimya:

Mmesahau mlio mwingine, ule wa mlimani. Unakanyaga mafuta gari limebeba mzigo, unasikia kama kokoto ndani ya kopo, ukiachia linanyamaza. Hapo hakuna chuma kilicholegea. Mchanganyiko wa petroli na hewa unajiwasha wenyewe nje ya mpango, kwa sababu petroli ni ya okteni ndogo (haivumilii kugandamizwa), au masizi yamejaa juu ya pistoni, au moto wa plagi unawahi mno. Tangu miaka ya 1920 petroli ilitiwa madini ya risasi kuzuia mlio huo huo. Marekani ilipiga marufuku kwa magari ya barabarani 1996, Afrika kusini mwa Sahara tukaachana nayo 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, 2021. Karibu miaka 100 watoto wamevuta risasi ili injini zisigonge. Na angalieni nani alisafishiwa hewa kwanza, nani alisubirishwa.

Shemeji wa Wote:

Ndugu, hapa tunaongelea gari la Mama Mapacha.

Zamu ya Usiku:

Mie mmenikumbusha mafundi wa nyumbani. Bisibisi ndefu, ncha kwenye bloku, mpini sikioni, macho kayafumba kama anasikiliza habari ya msiba. Anahamisha kidogo, anahamisha tena, halafu anasema "hapa". Huku wanachomeka OBD kwanza, kifaa cha kusoma namba za hitilafu kwenye kompyuta ya gari. Kompyuta isiposema kitu, gari ni zima. Ikitoa P0325, wanakuambia injini imenoki.

Fundi Mstaafu:

P0325 haisemi hivyo! Inasema sakiti ya sensa ya kunoki ina hitilafu. Panya akitafuna waya wa sensa, namba inatoka hiyo hiyo. Na beringi ya konrodi inaweza kufa kabisa bila kompyuta kutoa namba yoyote.

Mama Mapacha, fanya hivi. Toa mkanda wa mbele, ule wa nje unaozungusha altaneta, washa sekunde chache tu, zima. Kelele ikipotea, ni altaneta au pampu ya maji, tunasherehekea. Ikibaki, rudisha mkanda, kisha chomoa koili za plagi moja moja injini ikinguruma taratibu. Usikawie kwenye kila moja, petroli isiyoungua inaharibu kichujio cha moshi. Sikiliza ipi inabadilisha mlio.

Mama Mapacha:

Nimefanya, na kaka yangu. Oili ilikuwa chini ya alama (najua, najua), nimejaza, kelele iko pale pale. Mkanda tumetoa, ipo. Koili ya kwanza, ipo. Ya pili, ikafifia mpaka tukatazamana. Tukairudisha, ikarudi.

Fundi Mstaafu:

Pole, mwanangu. Konrodi ya silenda ya pili. Bila moto, pistoni haisukumwi chini kwa nguvu, kwa hiyo lile pengo la beringi halipigwi. Ukitaka uhakika, mwaga oili, kata filta, ikunjue ile karatasi ya ndani uitazame juani. Chembe zinazong'aa ambazo sumaku hainasi, hizo ndizo beringi zenyewe. Usiliendeshe tena. Ukiwahi, krankshafti huenda ikasuguliwa, ukawekewa beringi nene zaidi. Ukichelewa, konrodi inatoboa bloku, na hapo hata mimi sina neno.

Mama Mapacha:

Asante sana Mzee. Sasa kama siruhusiwi kuliendesha, ukaguzi nalifikishaje? Zimebaki siku 9. Na muhuri jamani?

Shemeji wa Wote:

20W-50.

Zamu ya Usiku:

Mimi niliwahi kudaiwa muhuri wa gereji, ila ilikuwa suala la taa, na ofisi ilikuwa bado kwenye lile jengo la zamani.

Msomaji Kimya:

Siyo muhuri, ni sahihi ya fundi. Au fomu imebadilika?