Mshipa unaovimba, unapoa, kisha unaibukia kwingine: je, ni wa kupuuza?

Mpwa wa Mbagala
Habari za jioni, wadau. Mjomba wangu, mwenye umri wa miaka 63, amekuwa akivimba mshipa wa juu ya ngozi kwenye shavu la mguu. Unauma na ukiguswa ni mgumu kama kamba, na ukishapoa mwingine unaibuka mkononi. Duka la dawa walimpa dawa ya kuchua. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba amekonda, na shingo na makwapa yameanza kuwa meusi.

Tabibu wa Ilala
Pole, ndugu yangu. Mshipa mmoja uliovimba mara moja, kwa mfano baada ya kutundikiwa dripu, kwa kawaida hauna neno. Unaohamahama ndio unaotushtua. Daktari Mfaransa Armand Trousseau alieleza uhusiano wake na saratani mwaka 1865, kisha dalili hiyohiyo ikamtokea mwenyewe, na mwaka 1867 saratani ya tumbo ikamuua. Saratani, hasa za kongosho, mapafu na tumbo, zinaweza kuchochea damu igande ndani ya mishipa kabla uvimbe wa saratani wenyewe haujaonekana. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo papaseni joto na ugumu. Msimchue tena, na akivimba mguu mzima au akibanwa na pumzi, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.

Mama Kigamboni
Naongezea kuhusu weusi wa shingo, maana watu wengi wataogopa bure: mara nyingi unatokana na unene au kisukari, hivyo apimwe sukari kwanza. Unaotia shaka ni ule unaomjia ghafla mtu mzima anayekonda, hasa ukifika viganjani na mdomoni.

Mpwa wa Mbagala
Ahsanteni sana. Je, nimpeleke hospitali ya saratani ya Ocean Road moja kwa moja?

Tabibu wa Ilala
Binafsi ningeanza kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, ambaye atamwandikia utrasaundi ya mishipa na ya tumbo, eksirei ya kifua na vipimo vya damu, kisha atoe rufaa ikihitajika. Mshipa ukiibuka, upigeni picha kwa simu na mwandike tarehe, kwa sababu siku ya kliniki huenda ukawa umeshapotea.