Rola kosta ndefu kuliko zote: mwenye presha na mwenye tumbo jepesi, tupande au tuache?

Korosho_Daraja_la_Kwanza: Wakuu, salaam kutoka Mtwara. Msimu ukilipa nataka mimi na mama watoto tupitie Uarabuni tupande rola kosta kubwa, ile treni ya burudani inayopanda na kuporomoka kwa kasi. Nasikia Kingda Ka ya Marekani ndiyo mama lao, bado ipo? Treni ikishindwa kumaliza mlima inakuwaje? Mwenzangu ana presha, mimi natapika haraka.

Mkazi_wa_Mikindani: Kingda Ka ni marehemu, mkuu. Ilikuwa New Jersey tangu 2005, mita 139, minazi mirefu mitano ukiipandanisha. Ilifungwa 2024, mnara ukaangushwa kwa baruti Februari 2025. Sasa mama lao ni Falcons Flight ya Qiddiya, karibu na Riyadh: kasi kilomita 250 kwa saa, reli zaidi ya kilomita 4, inateremka jabali. Ukiishia Abu Dhabi ipo Formula Rossa. Kimo chake ni mita 52 tu, lakini inafika 240 kwa sekunde kama 5. Miwani wanayokupa usiivue, kwa kasi ile chembe ya mchanga inaumiza jicho.

Fundi Spana: Swali la treni kushindwa mlima ni zuri. Kupanda mita 139 bila msuguano wowote unahitaji kama 188 kwa saa pale chini. Kingda Ka ilirushwa kwa 206, ziada hiyo ikaliwa na upepo na magurudumu. Upepo wa mbele ukizidi, ziada haitoshi, treni inarudi kinyumenyume. Wajenzi walilijua hilo: treni ikishapita, bapa za metali huinuka kwenye reli nyuma yake, na ikirudi sumaku zilizo chini yake zinapita kwenye bapa hizo na kuipunguza kasi. Breki hizo hazitegemei umeme, hata ukikatika (sisi wa kusini tunaujua) zinakamata. Rola kosta zinazovutwa juu kwa mnyororo zina meno ya kuzuia kurudi, ndiyo ule mlio wa ka-ka-ka wakati wa kupanda.

Bi Nguo Mbili: Wifi abaki chini ashike mikoba. Presha, moyo, mimba, mgongo mbovu: hapo hakuna mjadala. Wewe kula kitu chepesi saa mbili kabla, wali wa nazi uje baadaye. Chuma cha kufungia kikae juu ya mapaja, kimebana nyonga. Kikiegemea tumbo lililoshiba, mwili ukinyanyuka kileleni unabaki unacheza. Kabla ya kurushwa gandamiza kichwa kwenye kiegemeo, la sivyo shingo italipa. Mkifika bondeni kaza mapaja na tumbo, maana damu inakimbilia miguuni na macho yanaingia ukungu. Simu, sarafu, kandambili: kabatini.

Korosho_Daraja_la_Kwanza: Nimekuelewa, dada. Siti ya mbele au ya nyuma?

Fundi Spana: Mbele unaona kila kitu na upepo wote ni wako. Nyuma ndiko kukali: mabehewa ya mbele yakishaanza kushuka yanakuvuta kileleni kwa kasi, unanyanyuka kitini zaidi. Kwa tumbo lako, kaa katikati.