Mahakama imesema baraza lilikosea, halafu imemrudisha kaka yangu barazani

Wakuu, naandika nikiwa na hukumu mkononi, na kwenye karatasi tumeshinda. Jaji ameandika waziwazi kwamba baraza la rufaa lilipomnyima kaka yangu pensheni ya ulemavu, liliiruka ripoti ya daktari wake wa mgongo bila kusema kwa nini. Uamuzi umetenguliwa. Kisha ukurasa wa mwisho, mistari miwili: jalada lirudi barazani, lisikilizwe upya na jopo jingine. Miaka minne ya kuhangaika, na swali tulilokwenda nalo bado halina jibu. Huyu mtu anastahili au hastahili?

Mimi nilidhani tunakwenda kukata rufaa kama rufaa nyingine. Kumbe haya yanaitwa mapitio, yaani mahakama inakagua tu jinsi baraza lilivyoamua, na humo jaji haulizi kama mgonjwa anaweza kufanya kazi. Anauliza kama baraza lilifuata sheria, kama lilimsikiliza mtu, na kama sababu zake zinaingia akilini. Zikiingia akilini, uamuzi unasimama hata kama jaji mwenyewe angeamua vingine. Kanada, Mahakama ya Juu ilikifanya hicho kuwa kipimo cha kuanzia mwezi Desemba 2019. Marekani ni mbaya zaidi. Mwaka huohuo Mahakama yao ya Juu ilisema ushahidi unaotosha kumnyima mtu ni ule uliozidi chembe tu. Kwenye kesi ile, mtaalamu wa ajira alitaja idadi ya kazi ambazo mwombaji angeweza kuzifanya, akaombwa takwimu alizozitumia, akakataa kwamba ni siri. Majaji 6 dhidi ya 3 wakasema kukataa huko peke yake hakuuangushi ushahidi wake. Mtu anakosa riziki kwa hesabu ambayo hakuruhusiwa kuiona!

Hata hayo ningeyameza. Kinachonichoma ni tarehe.

Pensheni hii inatokana na michango, kwa hiyo unatakiwa kuonyesha kwamba ulikuwa mlemavu kabla kinga ya michango yako, yaani muda ambao michango uliyolipa bado inakulinda, haijakoma. Kaka aliacha kazi kwa sababu ya maumivu, michango ikakatika, na siku ile ya mwisho ndiyo wanayoiuliza mpaka leo. Hawaulizi anavyotembea sasa. Daktari aliyemtibu wakati ule ameshastaafu. Faili lake la zamani tulilipata nusu. Tulipopata picha mpya za uti wa mgongo, mahakama haikuzitazama kwa sababu hazikuwa mbele ya baraza lilipoamua. Tukirudi barazani nazo tutaambiwa zinaeleza hali ya leo, si ya wakati ule. Kwa hiyo kosa lilikuwa lao, ucheleweshaji umetokana na kosa lao, na ushahidi unaoyeyuka kila mwezi ni wetu.

Na muda unambana nani? Kanada mwombaji ana siku 30 tu za kuomba mapitio, Marekani siku 60. Kaka naye alihesabiwa siku, na tulipeleka fomu ikiwa imebaki moja, yeye amelala kiti cha nyuma cha gari kwa sababu kukaa hawezi. Baraza lilikaa na jalada lake miezi kumi na moja na hakuna aliyeulizwa kitu.

Kukaa hawezi, nasisitiza, kwa sababu baraza liliandika kwamba anaweza kufanya "kazi nyepesi ya kukaa". Siku ya kusikilizwa alisimama ameegemea ukuta muda wote, wanamwona! Ni mwashi, ana miaka 54, shule hakumaliza, maisha yake yote amebeba matofali. Kazi gani hiyo ya kukaa, na nani atamwajiri? Mwaka 2001 Mahakama ya Rufani ya Shirikisho ya Kanada ilishasema kwamba mwombaji apimwe katika hali halisi ya maisha yake, yaani umri wake, elimu yake, lugha anazozijua na kazi alizozifanya. Sisi tulipimiwa mtu wa kufikirika.

Msiniambie jaji hana la kufanya. Sheria ya Marekani inampa jaji uwezo wa kuthibitisha, kubadilisha au kutengua uamuzi, kwa kurudisha jalada au bila kulirudisha. Na hukumu ileile ya Kanada ya 2019 imekiri kwamba kurudisha ndiyo kawaida, ila jibu likiwa ni moja tu hakuna maana ya kumzungusha mtu. Mlango upo. Wakili mmoja ameniambia juzi kwamba tungetakiwa kuomba hilo kwa maandishi tangu mwanzo, pamoja na kuomba uamuzi utenguliwe. Hatukuwa na wakili. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja cha kueleza unachotaka, nikaandika "uamuzi ufutwe", na ndicho tulichopewa.

Nani hapa ameshaomba mahakama itoe pensheni yenyewe badala ya kurudisha jalada, na ikakubali? Mliandika nini, na mliambatanisha nini? Jopo jipya bado halijapanga tarehe, nataka kujua kama kuna lolote ninaloweza kupeleka kabla hawajaanza.